Mwongozo kamili kwa fasti yia: kupiga msuli, kula bata na bado ukalala usingizi wako

Ukiingia chuo unapokelewa na washauri wa aina mbili. Wa nyumbani wanakwambia kasome mwanangu, starehe utazikuta mbele ya safari. Wa hosteli, wale wa mwaka wa tatu wanaoburuza kandambili mpaka kafteria, wanakwambia bwana mdogo GPA, huo wastani wako wa alama, hailiwi, kula ujana. Ukiwasikiliza vizuri unakuta wote wawili hawajawahi kukaa chini wakapiga hesabu ya masaa, na ndo maana mmoja anakutisha na mwingine anakudanganya.

Mimi naandikia mtu wa Mlimani, UDSM, yani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu ndo napajua, ila kama uko UDOM, SUA, Mzumbe au Ardhi mengi yanafanana maana wote tuko chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu. Na nikwambie mapema msimamo wangu: muda upo, tena wa kutosha kabisa, shida ni kwamba sekondari ilituzoesha kuwa hukumu inatoka siku ya NEKTA, ule mtihani wa taifa, mtu anazembea weee alafu anakuja kukesha miezi miwili ya mwisho na anatoboa. Chuo hakiko hivyo. Chuo kinakata maksi kuanzia wiki ya nne, ya tano, wakati wewe bado unatafuta jengo la Yombo liko wapi.

Hatua ya 1: Hesabu masaa kabla hujahesabu vitabu

Digrii inapangwa kwa krediti. Kiwango cha kawaida ni krediti 120 kwa mwaka, maana yake 60 kwa semista, na krediti moja imehesabiwa kuwa masaa 10 ya kazi, na humo ndani kuna pindi, semina, maabara, asaimenti, kujisomea mwenyewe na mtihani, vyote. Sasa 60 mara 10 ni masaa 600. Semista ina wiki 15 za kufundishwa, gawanya, unapata masaa 40 kwa wiki. Arobaini tu! Ni sawa na mtu aliyeajiriwa ofisini Posta, anaingia saa mbili asubuhi anatoka saa kumi jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa.

Wiki nzima ina masaa 168. Toa hayo 40 ya shule, toa 56 ya kulala masaa 8 kila siku, toa mengine 28 ya kula, kufua, kuoga, kupanga foleni na kugombania daladala, bado mkononi una masaa 44. Yani masaa ya kwako ni mengi kuliko ya shule. Mtu akikwambia hana muda wa kupumua sio kwamba anaongopa, ila hayo 44 yanamvuja bila yeye kuyaona, nusu saa kwenye simu, lisaa unamsubiri mshkaji avae viatu, masaa mawili umekaa kimbweta, vile viti na meza za nje, unapiga stori huku umefungua laptopu ili dhamira isikusute. Hapo hujasoma na wala hujapumzika.

Kwaiyo fanya hivi. Chukua taimtebo yako ukishamaliza kujisajili kwenye ARIS, mfumo wa usajili wa chuo, chora wiki nzima kwenye karatasi moja, jaza mapindi na semina kwanza. Kwa kozi nyingi za sanaa na biashara unakuta mapindi yote yanachukua masaa kama 18 hadi 20, watu wa uhandisi na sayansi mna maabara zinazowaongezea. Hayo yanayobaki kufika 40 ndo ya kujisomea, na hapa ndo siri yote ilipo: yaweke mchana, kwenye mapengo kati ya pindi na pindi.

Nieleze vizuri maana watu wanapita hapa haraka. Mlimani mapindi yanaanza saa moja asubuhi na mengine yanaisha saa mbili usiku, na taimtebo haina huruma, unaweza kuwa na pindi saa mbili mpaka saa nne alafu lingine saa nane mchana. Hilo pengo la masaa manne wengi wanalitumia kurudi hosteli za Mabibo, wanapanda gari, wanafika, wanalala kidogo, wanaamka wamechoka zaidi, na nusu yao hawarudi tena kwenye lile pindi la mchana. Usirudi. Ukitoka pindi la asubuhi nenda maktaba mpya moja kwa moja, ile iliyofunguliwa 2018, ina viti 2,100 na ina ubaridi ambao geto lako la Changanyikeni haliwezi kukupa kwenye joto la Dar. Soma masaa mawili na nusu, kula, kaa kivulini, ingia pindi. Ukifanya hivyo siku tano, saa kumi na mbili jioni unakuwa mtu huru kihalali, hata mtu akikwambia twende Coco unaenda na moyo mweupe.

Wanaoishi mbali, Mbagala au Gongo la Mboto kwa shangazi, hii inawahusu mara mbili. Ninyi mkifika nyumbani kuna vyombo, kuna watoto, kuna ‘si unasoma kompyuta hebu niangalizie simu yangu’. Malizeni shule shuleni, nyumbani mwende mkiwa watu wa nyumbani.

Hatua ya 2: Nunua usingizi kwa kosiweki

Mgawanyo uliozoeleka Mlimani ni maksi 40 za kosiweki, yani tesiti, asaimenti na presentesheni, alafu UE, mtihani wa mwisho wa semista, inabeba 60. Kozi zingine zinatofautiana kidogo, angalia kozi autilaini wanayogawa wiki ya kwanza, ile karatasi watu wanaifungia maandazi.

Sasa angalia watu wawili. A ni kuanzia 70. Mmoja anaingia UE ana 30 kati ya 40, huyo anahitaji 40 tu kati ya 60 ili apate A, hiyo ni kama asilimia 67, mtihani wa kawaida kabisa, analala anaamka anaenda. Mwingine ana 18, anahitaji 52 kati ya 60, hiyo ni karibu asilimia 87, na lekchara wa kukupa asilimia 87 kwenye maswali ya kujieleza wanahesabika kwa vidole. Huyo wa pili ndo unayemkuta anakesha wiki mbili na vinywaji vya kuongeza nguvu, macho mekundu, hajibu meseji za mama yake. Na sio kwamba wa kwanza ana akili sana, alifanya tu tesiti ya wiki ya sita kwa heshima.

Alafu kuna hii ya ‘nitakaza mwaka wa tatu’. GPA ya mwisho inachukua miaka yote, na kwa mwanafunzi ambaye krediti zake zinalingana kila mwaka ni wastani wa kawaida tu. Fasti klasi, daraja la juu kabisa la digrii, inaanzia 4.4. Ukimaliza miaka miwili ya kwanza na 4.0, ambayo sio mbaya hata kidogo, ili ufike 4.4 mwaka wa tatu unatakiwa upate 5.2, na kipimo kinaishia 5.0. Mlango umeshafungwa na bado hujajua. Ukiwa na 3.0 kwa miaka miwili na unataka apa seko, daraja linalofuata, ya 3.5, mwaka wa tatu unatakiwa 4.5, mwaka ambao una risachi, una mawazo ya ajira, na pengine una mahusiano yanayokufa. Mwaka wa kwanza ndo wenye kozi nyepesi na akili yenye nafasi, pakia hapo. Ukitoka mwaka wa kwanza na 4.2 mkononi, hiyo miaka miwili inayofuata unaishi kwa amani ambayo hela hainunui.

Na ukumbuke krediti hazilingani. Kozi ya krediti 12 inavuta GPA kuliko ya krediti 8, kwaiyo kama wiki imekubana na kuna asaimenti mbili, ile ya krediti 12 inapewa masaa kwanza. Hii sio dhambi.

Hatua ya 3: Chora semista yote kwenye manila moja

Watu wanatafuta uwiano kila siku, leo nisome masaa manne, nicheze mawili, nisali moja. Haiwezekani, utajichukia bure. Semista ina misimu yake.

Wiki ya kwanza mpaka ya tatu kuna ulegevu, lekchara wengine hawajatokea, nusu ya darasa bado wanasajiliwa. Hizi ndo wiki za kujua watu, kuzunguka, kuingia kwenye vikundi, kwenda Mlimani City kushangaa kama wenzako wote. Kazi ya shule hapa ni ndogo: tafuta pasti pepa za kila kozi na uzisome, sio kuzijibu, kuzisoma tu, ujue huyu ticha anapenda kuuliza nini. Wiki ya tano mpaka ya tisa zinaingia tesiti za kwanza, unapunguza matembezi ya katikati ya wiki lakini wikiendi moja kati ya mbili bado ni yako. Wiki ya kumi na moja kuendelea inakuja mvua ya mawe, tesiti ya pili, presentesheni za makundi, asaimenti ambazo ticha alizisahau akazikumbuka zote siku moja. Alafu UE.

Nunua manila, chora mistari 15, andika kila tarehe ya tesiti ukiipata kwa CR, mwakilishi wa darasa, kisha kwa kalamu ya rangi nyingine andika mambo yako: Simba na Yanga, Idi, Pasaka, sendofu ya dada, betidei ya mtu unayempenda. Bandika ukutani pale unapovalia. Ukishaiona semista yote kwa macho unajua mwenyewe kwamba harusi ya wiki ya nne naenda na nacheza mpaka chini, ila kikao cha harusi cha wiki ya kumi na tatu natuma mchango na salamu. Na mtu akikualika wiki iliyobana usimwambie ‘siwezi’ ukaishia hapo, mwambie Jumamosi hii hapana, Jumamosi ijayo nipo, nakuja na vinywaji. Watu wanasamehe sana ukiwapa tarehe.

Hatua ya 4: Soma masaa machache lakini yanayouma

Kusoma madesa, yani noti za pindi, mara tano huku unapaka rangi ya njano kila mstari kunafurahisha, unahisi umeelewa, ila ni kazi kidogo sana. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma, kundi moja likarudia kusoma, kundi lingine likafunika karatasi na kuandika lililokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojipima walikumbuka asilimia 56 na waliorudia kusoma asilimia 42. Tesiti yako haiji baada ya dakika tano.

Kwaiyo kila pindi likiisha, kabla ya siku kuisha, chukua karatasi tupu uandike bila kuangalia ulichoelewa, dakika kumi na tano. Ulipokwama ndo pa kusoma. Baada ya siku tatu rudia, baada ya wiki rudia. Ukifika wiki ya UE unakuta hausomi upya, unakagua.

Disikasheni nazo zina utaratibu wake. Watu wanne, watano mwisho. Kila mtu anakuja ameshasoma na ana swali moja la pasti pepa ambalo limemshinda, mnaanza na maswali, mnamaliza kwa saa moja na nusu, mnaachana. Kundi la watu kumi na mbili ambalo mmoja tu ndo kasoma na wengine wamekuja kusikiliza, hilo sio disikasheni, hilo ni pindi la bure na mwalimu wake halipwi. Kama wewe ndo yule mmoja, hama.

Hatua ya 5: Usingizi na hao unaolala nao chumba kimoja

Umri wa miaka 18 mpaka 25 mwili unataka masaa 7 hadi 9 ya kulala, na ukilala ndo ubongo unapanga ulichosoma mchana. Kukesha kuamkia mtihani ni kusoma alafu kumwaga. Kafeini nayo, nusu yake inabaki mwilini kama masaa matano baada ya kunywa, japo inategemea na mtu, kwaiyo kile kinywaji cha nguvu cha saa nne usiku, saa tisa usiku nusu yake bado inazunguka kwenye damu, hata ukifumba macho usingizi unakuwa mwepesi. Mwisho wa kahawa na hivyo vikopo iwe saa kumi jioni.

Ila sasa ushauri wa usingizi kwa mtu wa hosteli bila kuongelea rumeti ni maneno matupu. Chumba kimoja watu wanne, sita, mmoja anaangalia muvi bila hedfoni, mwingine anaongea na demu wake Mwanza mpaka saa nane usiku kwa sababu bando la usiku ni rahisi, na juu yake kuna mtu anabebwa kitanda kimoja na mshkaji wake kwa kuwa hakupata chumba. Kaeni kikao siku ya kwanza ya semista kabla hamjachukiana. Mkubaliane taa inazimwa saa ngapi, simu zinaongelewa wapi, mgeni analala siku ngapi. Ukiweza kuwa wewe ndo unayeleta wazo huku umebeba chipsi mayai za watu wote ni rahisi zaidi kukubalika. Wasiposikia, vizibo vya masikio na khanga ya kufunika macho, na usione aibu.

Hatua ya 6: Bumu

Hapa nikae kidogo, maana nimeona watu wenye akili nyingi wakianguka chuo kwa njaa na madeni na sio kwa ugumu wa kozi.

Bumu, yani hela ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, ni shilingi 10,000 kwa siku, inakuja kwa mkupuo, tufanye siku 60, ni 600,000. Kijana wa miaka ishirini ambaye hajawahi kushika laki, anaamka asubuhi simu inaonyesha laki sita. Wiki ile kafteria haina watu, wote wako Sinza. Wiki ya sita watu hao hao wanakula mihogo na maji.

Siku bumu linapoingia, kabla hujamwambia mtu yeyote, fanya mambo kwa mpangilio huu. Kwanza lipa madeni yote. Pili lipa kodi ya geto kama umepanga. Tatu, inayobaki igawe kwa wiki, sio kwa mwezi. Kwa mtu wa hosteli za chuo 600,000 kwa siku 60 ni 70,000 kwa wiki, ukiigawa 42,000 ya chakula, yani 6,000 kwa siku, hapo unakula kafteria na kwa mama ntilie bila shida, 10,000 ya nauli na bando, 8,000 ya bata, yani starehe, na 10,000 huigusi. Hiyo 10,000 usiyoigusa ikikaa wiki nane ni 80,000, hiyo ndo inayokuokoa bumu likichelewa, na bumu linachelewa, usiulize kama, uliza lini. Weka hela yote benki au kwenye kibubu cha simu, kila Jumapili jioni jihamishie 60,000 tu. Ikiisha Alhamisi, basi Ijumaa na Jumamosi unapika maharage ya chumbani na wenzako, hamna aliyekufa.

Bajeti ya bata iwepo, naomba usiifute. Mtu anayejinyima kabisa siku akipasuka anapasukia kwenye hela ya chakula. 8,000 ni kidogo lakini bata nyingi za Mlimani ni za bure ukizijua: mechi za vyuo, kwaya, midahalo ya ukumbi wa Nkrumah, kupiga stori uwanjani jioni.

Mikeka sasa. Kubeti hakuna mahali kwenye bajeti hii, hata mia tano. Na zile aplikesheni za mikopo ya simu zinazokupa 30,000 kwa dakika mbili alafu zinawapigia simu watu wote kwenye simu yako mpaka mchungaji, kimbia. Ukikwama kweli mwambie rafiki mmoja, au nenda kwa Mshauri wa Wanafunzi ueleze, wameshasikia mengi kuliko hayo.

Na kuna kitu hakiongelewi, bumu kutumwa nyumbani. Mama kapiga simu mdogo wako karudishwa shule kwa mchango, wewe una laki sita kwenye simu, unafanyaje? Wengi tunatuma. Sikwambii usitume, sisi tumekulia hivyo. Ila tenga kiasi kabla simu haijalia, useme kila bumu natuma 40,000 na mwambie mama kiasi hicho mapema, ajue kinakuja na ajue hakuna kingine. Ukituma kila unapoombwa utalala na njaa na bado utaonekana umenyima. Kwa ambao hawana mkopo kabisa, wanasomeshwa na mjomba kwa mafungu, gawanyeni hivyo hivyo kwa wiki hata kama ni 30,000.

Hatua ya 7: Watu, dini, mapenzi na simu

Chagua kundi moja la kujitoa. Moja. Inaweza kuwa DARUSO, serikali ya wanafunzi, kama una damu ya siasa, inaweza kuwa kwaya ya TMCS (Wakatoliki) au USCF (Waprotestanti), inaweza kuwa MSAUD (Waislamu), timu ya mpira, klabu ya midahalo. Kundi moja ambalo ukikosa kuonekana siku mbili mtu anakuja kugonga mlango kuuliza uko hai. Hiyo ni afya kuliko kuwa na namba mia nne. Wanaoingia vikundi vitano wanaishia kuwa wajumbe wa kamati tu, kila jioni kikao, na hawana rafiki hata mmoja wa kumlilia. Kampeni za uchaguzi wa DARUSO zinakula muda wa watu wachache wanaogombea na wengi wanaozunguka nao, jua mapema uko wapi hapo.

Mapenzi, sitakwambia uache maana hutaacha. Nakwambia mpenzi anayekasirika ukienda maktaba wiki ya kumi na mbili atakasirika pia ukianza kazi. Kubalianeni tu mapema wiki za tesiti mnaonana kwenye chakula. Ongeeni kuhusu kinga na uzazi wa mpango mkiwa mmevaa nguo na mna akili timamu.

Na kwa mabinti hasa, japo sio mabinti tu: ikitokea ticha au mtu yeyote mwenye mamlaka juu ya maksi zako anakuita ofisini usiku, anakutumia meseji za ajabu, anakuambia maksi zako ‘zina shida tuongee nje’, hiyo ni rushwa ya ngono na ni kosa kwa sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. Usifute meseji hata moja. Mwambie mtu unayemwamini siku hiyo hiyo, na namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, ni 113. Usikae nayo peke yako ukidhani umejitakia.

Simu: magrupu yote ya WhatsApp yanyamazishe isipokuwa la CR. Ukiwa maktaba simu inakaa ndani ya begi, begi chini ya kiti, sio juu ya meza imegeuzwa kifudifudi, tunajuana.

Hatua ya 8: Mwili, na siku kichwa kikikataa

Kula kitu asubuhi kabla ya pindi la saa moja, hata chapati na uji. Maharage, mayai, dagaa na matunda ya msimu vinakutosha, huhitaji zaidi. Chupa ya maji kwenye begi maana Dar inakausha. Tembea, chuo kiko juu ya kilima kwa sababu nzuri, na jioni mbili kwa wiki toka jasho kwa namna yoyote unayoipenda.

Bima ya mwanafunzi ya NHIF ni 50,400 kwa mwaka na wengi wanailipa alafu wanaumwa malaria chumbani wakijinunulia vidonge duka la dawa. Umeshalipia, nenda kituo cha afya cha chuo.

Kuhusu kichwa, kuna kuchoka ambako ukilala siku mbili kunaisha, na kuna kule ambako hakuishi. Ikipita wiki mbili kila siku huna raha, hulali au unalala mchana kutwa, chakula hakipiti, vitu ulivyovipenda vimekuwa kama maji ya mtungi wa jana, hiyo sio uvivu na wala sio kukosa imani. Sali, ndiyo, na pia nenda. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ina watu wa ushauri nasaha, hulipi, na hautangaziwi. Ukianza kuwaza kujidhuru, au rafiki yako akianza kugawa vitu vyake na kuaga aga, hapo hakuna kusubiri Jumatatu, mwambie rumeti, nendeni kituo cha afya au hospitali yoyote usiku huo huo, na huyo mtu asiachwe peke yake. Wanaume tunalificha hili kwa utani, mshkaji akikuambia ‘mwanangu nimechoka maisha’ huku anacheka, muulize tena mara ya pili mkiwa wawili tu.

Hatua ya 9: Semista ikishaharibika

Inatokea, msiba, ugonjwa, mimba, bumu limegoma. Wengi wanajificha, wanaacha kuonekana, wanakuja kustukia sapu (mitihani ya kurudia) tatu au wamedisko kabisa, yani wamefukuzwa chuo kwa kufeli, wakati kila chuo kina njia za kihalali za kuahirisha semista au mwaka ukiwa na sababu yenye karatasi. Karatasi ndo kila kitu. Nakala ya barua, cheti cha daktari, fomu ya kituo cha afya, vyote piga picha uhifadhi, alafu peleka kwa mkuu wa idara yako na kwa Mshauri wa Wanafunzi.

Sapu sio kifo, ila daraja lake linaishia C hata ukiandika kama malaika, na linakula likizo yako. Keri, kozi uliyofeli unayoibeba kwenda nayo mbele, ni mbaya zaidi maana inakufuata mwaka unaofuata na inagongana na taimtebo mpya. Ukiona tesiti ya kwanza umepata chini ya nusu kwenye kozi fulani, wiki hiyo hiyo nenda ofisini kwa ticha kwenye masaa yake ya kuonana na wanafunzi, beba karatasi ya tesiti, muulize swali moja mahususi, wala usiende kulia maksi. Wengi wanashangaa jinsi ticha mkali wa darasani anavyokuwa binadamu akiwa ofisini.

Na ukiumwa wakati wa UE, usijikaze kuingia kwenye chumba cha mtihani na homa ili ‘ujaribu bahati’. Ukishaingia ukaandika, umefanya, maksi zitahesabika hizo hizo. Nenda kituo cha afya kabla mtihani haujaanza, chukua cheti, hakikisha idara imepokea taarifa kabla au siku hiyo hiyo kwa maandishi hata kama CR au rumeti ndo anapeleka, uombe mtihani maalumu. Mtihani maalumu unafanya kama mara ya kwanza, A yako ipo pale pale. Barua ikipokelewa waambie wagonge muhuri kwenye nakala yako, nakala hiyo kaa nayo mpaka matokeo yatoke.